Tundu la pini tisa: la mazabodi, la kadi ya PCIe, au la waya wa USB?

Mwaka juzi niliitwa kwenye mashine moja ya kukoboa mpunga yenye mizani ya malori pale getini. Kompyuta iliyokuwa ikisoma uzito ilikuwa imekufa. Wakanunua nyingine, na kwa kuwa hii mpya haikuwa na tundu la pini tisa kwa nyuma, muuzaji akawapa na waya wa USB wa kugeuzia. Mwenye mashine alinipokea mwenyewe.

"Fundi, waya tumenunua, kompyuta inasema imeuona, na kataa kake kanawaka. Uzito hausomi."

"Mzee, hiyo programu ya mizani mnaiwashia wapi?"

"Palepale pa siku zote. Kwenye kile kioo cheusi."

Kioo cheusi kilikuwa DOS, mfumo wa zamani wa kuendeshea kompyuta. Vijana wake walihamisha diski ya kompyuta ya zamani wakaiweka kwenye mpya. Ukiwasha kwa Windows, waya unaonekana vizuri tu kama COM3, jina la tundu la siriali. Ukiwasha kwa DOS, ambako ndiko programu yenyewe inakoishi, ule waya ni urembo.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza anunue nini kati ya kompyuta yenye tundu lake, kadi ya kuchomeka ndani au waya wa USB, sianzi na bei. Namuuliza programu yake inaongea na nani. Inaongea na rejista zenyewe za chipu, au inamtuma Windows au Linux aongee kwa niaba yake? Ili swali hilo lieleweke, inabidi tuzione kwanza hizo rejista.

Anwani nane, rejista kumi na mbili

Poti ya siriali, ndiyo iliyo nyuma ya hilo tundu la pini tisa, ni chipu inayopokea biti moja moja kutoka kwenye waya, ikazikusanya kuwa baiti, ikaiweka baiti hiyo mahali prosesa inapoweza kuichukua. Kwenye kutuma inafanya kinyume. Ya kwanza kwenye IBM PC ya 1981 ilikuwa chipu 8250 ya National Semiconductor, na ukoo wake ndio uliorithiwa mpaka leo. Rejista ni zile sehemu ndani ya chipu ambazo prosesa inaweza kuzisoma au kuziandika. COM1, poti ya kwanza, ina anwani nane, kuanzia 3F8 hadi 3FF (namba za mfumo wa 16, ambako baada ya 9 zinafuata A hadi F). COM2 inaanzia 2F8. Hizi si anwani za kumbukumbu. Zina barabara yake, na prosesa huzifikia kwa amri zake maalumu, IN ya kusoma na OUT ya kuandika.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba anwani ni nane lakini rejista ni kumi na mbili. Zimebanana. Ukisoma 3F8 unapata baiti iliyoingia. Ukiandika 3F8 unaweka baiti ya kutoka. Na ukiwa umewasha biti ya 7 (biti huhesabiwa kuanzia 0) ya rejista ya 3FB, basi 3F8 na 3F9 zinaacha kazi zote hizo, zinageuka kuwa namba ya kugawia saa. Chumba kimoja, wapangaji watatu, na ufunguo wa nani aingie uko chumba cha nne.

Tuione ikifanya kazi. Chukua kompyuta yoyote yenye tundu la kweli, iwashe kwa DOS, fungua DEBUG, programu ndogo ya kugusia rejista kwa mkono: o ni kuandika, i ni kusoma. Nyoosha klipu ya karatasi uunganishe pini 2 na pini 3 za tundu, ili kinachotoka kirudi ndani. Kisha andika:

```
o 3fb 80
o 3f8 0c
o 3f9 00
o 3fb 03
o 3fc 03
o 3f8 41
i 3fd
```

Mstari wa kwanza unazungusha ule ufunguo. Wa pili na wa tatu unaweka 0C, yaani 12. Kwa nini 12? Saa ya poti hii ni megahezi 1.8432. Chipu huigawa kwa 16, inabaki 115,200. Igawe tena kwa 12 unapata 9,600, ambayo ndiyo kasi ya mizani nyingi, vichapishi vya risiti na konsoli za ruta. Mstari wa nne unafunga ufunguo na papo hapo unasema biti nane, bila pariti (biti ya kukagua makosa), biti moja ya kumalizia. Wa tano unainua ishara mbili, DTR na RTS, kuuambia upande wa pili kwamba tupo. Wa sita unatuma 41, yaani herufi A.

Mstari wa mwisho unasoma rejista ya hali ya laini, 3FD. Kama klipu imekaa vizuri utaona 61. Ile 60 maana yake chipu imemaliza kutuma na haina kitu mkononi. Ile 1 ya mwisho maana yake kuna baiti imeingia inakusubiri. Andika `i 3f8` upate 41, herufi yako imezunguka na kurudi. Sasa soma tena 3FD: imekuwa 60. Kule kuisoma baiti ndiko kulikoiondoa. Kwenye kumbukumbu unaweza kusoma kitu mara mia kikabaki vilevile. Rejista hazina tabia hiyo, na programu nyingi mbovu za siriali ziliandikwa na watu wasiojua hilo.

Pale kwenye mashine ya mpunga niliandika `i 3fd` nikapata FF. Biti zote zimewaka, maana yake hakuna chipu inayojibu. Nimepiga hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Na ule waya wa USB ulikuwa umechomekwa, na kataa kake kanawaka.

Foleni ya baiti 16

Kabla ya kulinganisha matundu, kuna tofauti moja ya chipu inayobadilisha kila kitu. Nyingine nitazipitia haraka.

8250 na ndugu yake wa baadaye 16450 zina nafasi ya baiti moja tu ya kupokelea. Kwa kasi ya 115,200, kila baiti ikiwa na biti kumi kwenye waya, baiti 11,520 zinaingia kwa sekunde, yaani moja kila mikrosekunde 87 hivi. Prosesa ikichelewa kidogo zaidi ya hapo, baiti mpya inaikanyaga ya zamani, na biti ya 1 ya 3FD inawaka kukutaarifu kwamba umeshapoteza. Ni taarifa ya msiba, huwezi kuirudisha.

16550A ikaleta foleni ya baiti 16 kila upande. Ile 16550 ya kwanza, bila A, ilikuwa na foleni yenye kasoro, ndiyo maana watu wanakazania herufi hiyo. Unaiwasha kwa kuandika kwenye 3FA, na unachagua chipu ikupigie hodi baiti zikifika ngapi: 1, 4, 8 au 14. Ukichagua 14, hodi zinashuka kutoka 11,520 kwa sekunde hadi kama 823, na bado unabaki na nafasi ya baiti mbili, kama mikrosekunde 170, za kuja mlangoni. Kwa 9,600 muda huo unakuwa zaidi ya milisekunde mbili, muda wa kutosha kabisa kwa prosesa.

Kuijua uliyo nayo ni rahisi. Andika `o 3fa 01` kisha `i 3fa`. Ukipata C1 una 16550A au kitu kinachojifanya hivyo. Ukipata 01 huna foleni. Angalia kwamba anwani ni ileile lakini tulichoandika na tulichosoma ni rejista mbili tofauti: kuandika kunaenda kwenye udhibiti wa foleni, kusoma kunatoka kwenye rejista ya sababu za katizo, yaani zile hodi. Baadaye zilikuja chipu zenye foleni ndefu zaidi, 16750 ya baiti 64 na 16950 ya baiti 128, na hizi utazikuta zaidi kwenye kadi.

Hapa niseme moja lililowahi kunipotezea usiku mzima. Unaweza kuwasha makatizo kwenye 3F9, ukaweka foleni, ukaandika kila kitu sawasawa, na hodi isisikike. Kwenye PC, mlio wa katizo unapita kwanza kwenye ishara iitwayo OUT2, biti ya 3 ya 3FC. IBM waliiweka hapo kama swichi. Kwa hiyo ile 03 tuliyoandika juu inatosha kwa kuchungulia kwa mkono, lakini kwa makatizo inatakiwa 0B. Swichi hiyo ina maana yake, kwa sababu COM1 na COM3 zote zinatumia IRQ 4, yaani njia ileile ya kupigia hodi, na COM2 na COM4 zinagombea IRQ 3.

Sasa matundu yenyewe

| | Mazabodi | Kadi ya PCIe | Waya wa USB |
|---|---|---|---|
| Anwani | 3F8, 2F8 | hugawiwa kompyuta ikiwaka | hakuna |
| Programu ya DOS inayogusa rejista | inasoma | ikikubali kubadilishiwa anwani | haisomi |
| Programu ya Windows au Linux | inasoma | inasoma ukiwa na draiva | inasoma ukiwa na draiva |
| Kuchelewa | mikrosekunde | mikrosekunde | milisekunde |
| Kasi ya juu | kwa kawaida 115,200 | mara nyingi zaidi | hadi 3,000,000 kwa FT232R |
| Laptopu | karibu zote hazina tena | haiingii | ndiyo |

Tundu la mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, ndilo pekee linalokaa pale programu za zamani zinapolitafuta. Leo rejista hizo hazimo kwenye chipu yake peke yake tena, zimo ndani ya chipu kubwa ya vifaa vidogo iliyo kwenye mazabodi, lakini zinajibu 3F8 vilevile kama mwaka 1981. Uzuri mwingine ni kwamba haihitaji kitu chochote kiwe kimewaka kabla yake. Anayeandika keneli, kiini cha mfumo, au anayetafuta kwa nini Linux inakufa sekunde ya kwanza ya kuwaka anaweza kutuma herufi kwa amri chache tu za OUT. Kwa USB angehitaji kidhibiti cha USB kiamke, kifaa kitambuliwe, draiva (programu ya kukiendesha kifaa) ipakiwe, na vyote hivyo viko upande wa pili wa lile shimo alilotumbukia. Ndiyo sababu hata kompyuta za kuigiza kama QEMU bado huipa mifumo inayoendeshwa ndani yake 16550A ya bandia.

Kadi ya PCIe, ile ya kuchomeka ndani, huwa na rejista zilezile, kwa mpangilio uleule, ila zimehamia mtaa mwingine. Badala ya 3F8 utakuta kitu kama E000, na IRQ nyingine kabisa, na kadi nyingine huziweka kwenye anwani za kumbukumbu hasa, ambako IN na OUT hazifiki. Kwa Windows na Linux hilo halina shida, draiva inajua. Kwa programu ya DOS iliyochongewa 3F8 ndani yake, kadi hii ni sawa na waya wa USB. Programu nyingine zina afadhali kidogo. Hazina anwani ndani, huisoma pale BIOS, programu ya kwanza kompyuta inapowaka, inapoiweka, karibu na mwanzo wa kumbukumbu kwenye 0040:0000, na hapo unaweza kuziandikia anwani mpya kwa DEBUG. Nimeshafanya hivyo na ikakubali. Ila ni kazi ya kubembeleza, na ikitegemea makatizo unarudi mwanzo. Kadi ninaishauri kwa mtu mwenye kompyuta ya mezani anayehitaji matundu mawili, manne au manane kwa mpigo, programu zake zikiwa za kisasa na data yake ikiwa haitaki kuchelewa.

Waya wa USB hauna rejista za kuguswa na prosesa. Ndani yake kuna chipu kama FT232, CP2102, CH340 au PL2303, na hiyo chipu ina rejista zake huko ndani, lakini kompyuta inaifikia kwa kuipelekea barua kupitia USB: weka kasi hii, inua DTR, leta ulichopokea. Draiva ndiyo mwandishi wa barua. Programu inayofungua COM3 au /dev/ttyUSB0 kwa jina haioni tofauti yoyote. Na kwa kweli watu wengi wanaoniuliza wako hapa. Anayetaka kuingia kwenye konsoli ya ruta, kusukuma programu kwenye Arduino, kusoma mizani kwa programu mpya ya Windows, anunue waya, basi, asijisumbue na kadi.

Kwenye kasi za ajabu waya unashinda kabisa. Vichapishi vingi vya 3D hutaka 250,000, na saa ile ya megahezi 1.8432 haiwezi kuitoa namba hiyo hata ukiigawaje. FT232 inaitoa bila kutoa jasho.

Unapochelewa ni kwenye majibizano mafupi. Chipu za FTDI, watengenezaji wa FT232, zikiwa na baiti chache tu, husubiri kwa kawaida milisekunde 16 kabla ya kuzipeleka, zikitumaini zitakuja nyingine zisafiri pamoja, kama daladala inayosubiri kujaa. Kifaa kinachouliza swali la baiti sita na kutaka jibu mara mia kwa sekunde kitaonekana kizito bila sababu. Muda huo unaweza kuushusha hadi 1 kwenye mipangilio ya draiva, au kwenye Linux kwa faili iitwayo latency_timer. Fundi asiyejua hilo atabadilisha waya watatu.

Kuna na zile programu zinazotumia DTR na RTS kama vidole, kuinua na kushusha kwa mpangilio ili kuprogramu chipu au kuzungumza na kifaa kisicho cha siriali kabisa. Kwenye rejista ni OUT moja kwa 3FC. Kwenye USB kila kuinua ni barua. Programu iliyokuwa ikimaliza kwa sekunde mbili inaweza kuchukua dakika kadhaa, au isimalize. Vilevile anayeunganisha GPS ili kupata saa sahihi kupitia ishara ya DCD, moja ya pini za tundu, achague tundu la kweli, kwa sababu hapo mabadiliko ya DCD yanazaa katizo papo hapo, lakini kwa USB yanakuja na treni inayofuata.

Ukinunua waya, angalia chipu iliyomo. Bandia zimejaa. Mwaka 2014 draiva ya FTDI kwenye Windows iliwahi kuzigeuza chipu bandia namba ya utambulisho kuwa 0, waya uliokuwa ukifanya kazi jana leo hautambuliki. Na angalia volti kabla ya chochote. Tundu la pini tisa huongea RS-232, volti zinazopanda na kushuka chini ya sifuri, mpaka 12 au zaidi. Arduino na ndugu zake wanaongea volti 5 au 3.3. Rejista hazijui tofauti hiyo hata kidogo, 3FD itakuambia 60 kwa raha zake huku ubao wako ukitoa moshi.

Njia ya nne ipo, ya mtu aliyebanwa: kuiendesha programu ya DOS ndani ya DOSBox kwenye Windows au Linux. DOSBox inatengeneza rejista za bandia kwenye 3F8, programu inaandika humo ikidhani ni chipu, na DOSBox inazipeleka kwenye COM3 ya waya wako kwa mpangilio wa directserial. Kwa mizani inayotema namba zake yenyewe kila wakati, inafaa. Kwa mashine inayodai jibu kwa muda maalumu, siiamini.

Pale kwenye mpunga sikuhitaji hata hiyo. Nilifungua kasha la kompyuta mpya, nikaona pembeni ya mazabodi safu mbili fupi za pini tisa, pameandikwa COM1. Mazabodi nyingi za mezani bado zinazo, ila kiwanda hakikuweka tundu la nje. Nikaingia BIOS, poti ilikuwa imezimwa, nikaiwasha kwa 3F8 na IRQ 4. Kesho yake nikaja na ule utepe wenye tundu la pini tisa mwishoni, wa bei ya soda chache.

Nikaandika `i 3fd`. 60. Nikaweka klipu, nikatuma 41, hakikurudi kitu. Hapo mzee akaanza kuniangalia kwa jicho jingine.

Biti ya 4 ya 3FC huunganisha kutoa na kupokea humo humo ndani ya chipu, bila kupita kwenye pini. `o 3fc 10`, `o 3f8 41`, `i 3f8`: 41. Chipu ni nzima, basi ugonjwa uko kwenye utepe. Kuna mipango miwili ya kuziunganisha zile pini na tundu, na niliuziwa mpango mwingine. Nilibadilisha nyaya tisa kwa mkono, mezani kwa mhasibu, huku lori la mkulima limeegeshwa juu ya mizani na dereva wake ameketi kivulini. Nilipomaliza, namba ikaingia kwenye kioo cheusi yenyewe, kabla sijagusa kitufe.